Kiti cha Baba na Mfuko wa Saruji

Babu yangu alipeleka kahawa yake chamani tangu miaka ya mwanzo ya KNCU, muungano wa ushirika ulioanzishwa Moshi mwaka 1933 baada ya kile chama cha wakulima cha KNPA cha mwaka 1925. Baba alikuwa karani wa chama chetu cha msingi hadi Serikali ilipovunja vyama vya ushirika mwaka 1976 na kazi zake kukabidhiwa vijiji. Viliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, akarudi akiwa katibu.

Mimi sikutarajiwa kukalia kiti chochote. Kwa mila zetu kihamba, yaani shamba la ukoo, humwendea mtoto wa kiume, na asiyekuwa na kihamba hana mibuni, na asiyekuwa na mibuni haandikwi katika rejesta ya wanachama. Baba alipofariki, jina lake liliendelea kusomwa chamani msimu mzima huku kahawa nikiichuma, nikiimenya na kuianika mimi. Kaka yangu anaishi Dar es Salaam, na ni yeye aliyetamka katika kikao cha ukoo kwamba uanachama uandikwe kwa jina langu. Wazee walibishana hadi jioni, kisha wakasaini muhtasari. Bila karatasi ile ningekuwa bado kibarua katika shamba la marehemu.

Miaka mitatu baadaye nilichaguliwa kuwa mjumbe wa bodi, kisha mwenyekiti, na nadhani wengi walipigia kura jina la baba kuliko mimi. Ndiyo maana malalamiko ya kwanza yalipokuja, kwamba mizani ya chama inakula kilo, mzee mmoja alisimama mkutanoni akasema, "Mwanangu, angekuwepo baba yako, haya yasingetokea."

Usiku ule nilifungua madaftari ya baba, ambamo aliandika uzito wa kila gunia alipolipima nyumbani na uzito wa gunia lilelile lilipofika chamani. Tofauti ilikuwapo hata enzi zake, tena msimu baada ya msimu. Nilimwambia mama peke yake, naye akaniomba nisilitaje jambo hilo hadharani.

Nilinunua mfuko wa saruji wa kilo 50 uliofungwa kiwandani, nikaagiza kwamba kila siku ya kupokea kahawa mfuko huo utundikwe kwanza, mbele ya watu, kabla ya kahawa ya mwanachama yeyote. Asubuhi ya kwanza mshale ulisimama kwenye 48. Karani wa mizani alisema kwamba springi zimechoka, na mimi nilimwamini, lakini nilisimamisha mapokezi hadi mizani itengenezwe na kukaguliwa upya na Wakala wa Vipimo. Akina mama waliokuwa wameteremka mlimani na mizigo kichwani walirudi nayo, na maneno waliyonitupia siku ile siyaandiki. Mizani ilikaa siku tisa kwa fundi. Ilipotundikwa tena ikasoma 50, wale wale walipiga foleni bila kusema kitu.

Suala la malipo ya pili, yale yanayofuata kahawa ikishauzwa mnadani, sikulimudi vizuri kiasi hicho, kwa kuwa bei ya mnadani haipangwi na bodi yetu. Nilichoweza ni kubandika mlangoni makato yote, shilingi kwa shilingi, ili mtu alalamikie kitu anachokijua.

Mfuko wa kwanza wa saruji tuliutumia misimu miwili. Aliyetutahadharisha kuwa saruji huvuta unyevu na kuongezeka uzito, hivyo mizani inaweza kuonekana nzima kumbe inapunja, ni yule mzee wa mkutanoni. Tangu hapo tunanunua mfuko mpya kila msimu, na ule wa zamani ulioganda tumeufanya kizingiti cha ghala. Yeye huwahi asubuhi kuja kuusoma mshale mwenyewe. Bado haniiti mwenyekiti. Ananiita binti wa katibu.