Viti vya Bunge na Riziki ya Wanawake

Utawala wa zamani unapoanguka, jambo linaloulizwa upesi kuhusu wanawake ni idadi ya viti walivyopewa. Swali hilo ni la haki, ila kwangu lipo linalostahili kulitangulia: mwanamke aliyekuwa akihangaikia riziki kabla ya mageuzi, sasa anaitafuta katika hali gani?

Nchini Tunisia, miezi michache baada ya Rais Ben Ali kupinduliwa na kukimbia mwaka 2011, sheria ya uchaguzi ilivitaka vyama vipange wagombea wa kike na wa kiume kwa kupokezana katika orodha zao. Katiba ya 2014 nayo ikaitaka dola itafute usawa katika mabaraza ya kuchaguliwa. Hayo yalikuwa mafanikio ya kweli. Hata hivyo, katika mikoa ya bara, kulikoanzia mapinduzi yenyewe, wanawake wanaovuna mashamba ya wengine kwa ujira wa kutwa waliendelea kusafirishwa wakiwa wamesongamana nyuma ya malori ya mizigo. Sheria ya usafiri wa vibarua wa mashambani ilitolewa Juni 2019, baada ya ajali mbaya ya Aprili mwaka huo mkoani Sidi Bouzid. Inauma kwamba ilibidi watu wafe kwanza.

Sudan inanigusa zaidi. Maelfu ya wanawake wauza chai wa Khartoum, wengi wakiwa wamekimbia vita vya Darfur na Milima ya Nuba, walizoea misako iliyowapokonya majiko na vyombo, na sheria ya utulivu wa umma iliwapa askari nguvu ya kuwasumbua. Wanawake walijaa katika maandamano yaliyomng'oa Rais Omar al-Bashir, na Agosti 2019 Hati ya Kikatiba ya kipindi cha mpito iliwaahidi angalau asilimia 40 ya viti vya bunge la mpito. Bunge hilo lilikuwa bado halijaundwa jeshi lilipopindua serikali Oktoba 2021. Kilichotimia ni kufutwa kwa sheria ile ya utulivu wa umma Novemba 2019, hatua ambayo, kwa maoni yangu, ilimfaa muuza chai kuliko ahadi ya viti, ingawa haikumpa kibali cha biashara wala kinga dhidi ya msako mwingine.

Ndiyo maana ningependa makubaliano ya mpito, kabla hayajagawa wizara, yaandike nani anatoa kibali hicho, kwa ada gani, na aliyepokonywa mali yake ashtaki wapi.