Msala wa pima kumi: nilipofikia

Nianze na hesabu, maana mimi ni mhasibu. Msala, yaani mkeka wa kuswalia, wa mtu mmoja, urefu sentimita 120 na upana kama 70, ukiutengeneza kwa ukili (utepe uliosukwa kwa majani ya mkindu) wenye upana wa vidole vitatu unataka mistari 15 ya kushonwa ubavu kwa ubavu. Hiyo ni mita 18, yaani pima kumi, yaani mikono 40. Nikijitahidi nasuka mkono mmoja kila usiku baada ya isha. Siku 40 basi, kazi imekwisha. Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye daftari. Leo ni mwezi wa nne na nina pima sita.

Wiki ya kwanza

Ilianzia Pangani, kwenye khitma ya baba mkubwa. Shangazi alikaa kwenye jamvi anapokea wageni, anaulizia watoto wa kila mtu kwa majina, na muda wote vidole vinasuka wala havitazami. Nikamwomba anifundishe. "Wee baba, umekosa kazi huko Dar?" Akadhani utani. Nilipong'ang'ania akanipa chane nne, vipande vyembamba vya jani la kusukia, si zaidi, na kufika magharibi nilikuwa na shubiri moja ya ukili mwembamba kama mkanda wa saa. Niliuonyesha hadi kwa watoto wa jirani.

Nikarudi mjini na fungu la ukindu ndani ya mfuko wa saruji.

Wiki ya tatu

Ukindu hautaki haraka. Ni jani changa la mkindu ambalo bado halijafunguka. Hukatwa, huanikwa juani mpaka likawa jeupe, kisha huchanwa kwa ukucha au sindano, ndiyo hizo chane. Ukisuka kavu, zinakatika. Ukisuka zikiwa chapachapa, usiku ukili unaonekana umekaza, asubuhi umekauka na unapitisha mwanga. Shangazi huziviringisha kwenye kanga kuukuu iliyoloweshwa na kukamuliwa. Mimi mjuaji nikaziloweka kwenye ndoo, nikaitwa safari ya kikazi Dodoma, siku tatu. Niliporudi, zimeota ukungu na bafu linanuka kama bwawa. Fungu lote jalalani.

Wiki ya saba

Rangi. Nilichemsha zambarau. Vidole vikabaki zambarau ofisini wiki nzima. Tuishie hapo.

Mwezi wa tatu, nyumbani

Nilikuwa na pima nne, nikaona zinafaa kukaguliwa.

Kabla ya ukili, miaka sita yote nilikwenda nyumbani mara saba: misiba sita na harusi moja. Unafika usiku, unazika, unakula pilau, unaondoka. Mji wako unaujua kwa makaburi yake. Safari hii hakufa mtu, na kondakta aliponiuliza "Kwema huko?" nilichelewa kujibu, nikasema nakwenda kuchukua ukindu.

Chalinze, Segera, Muheza na machungwa yake dirishani, kisha Tanga, kisha gari dogo la Pangani. Zaidi ya kilomita 350 kufika Tanga tu. Nilisuka mpaka Chalinze, jirani yangu akaanza kulalamika kwamba chane zinamchoma.

Jioni nikaenda barazani kwa kahawa na kashata. Habari ilikwishanitangulia. Mzee mmoja akanitazama vidole, akauliza kwa upole kabisa: "Na wewe utaolewa lini?" Baraza zima likaangua kicheko, nami nikacheka, maana swali lilikuwa limepangwa vizuri. Kusuka ukili kwetu ni kazi ya wanawake, hilo nalijua. Ila huyo mzee alipomaliza kunicheka akanisogelea na kuniambia kuwa nikisuka nianze kuongeza chane kabla ile ya kwanza haijaisha, si baada. Sikumuuliza alijuaje.

Shangazi alikunjua pima zangu nne sakafuni. Hakusema neno. Akaweka vidole mwanzoni: vinne. Akaweka mwishoni: viwili na nusu. Ukili ulikuwa unakonda kadiri nilivyokuwa nazidi kukaza. "Ukishona huu ubavu kwa ubavu," akasema, "msala utajikunja kama bakuli." Kisha akafikiri kidogo. "Basi tufanye bakuli."

Akauzungusha duara, akaanza kushona kutoka kitako. Kufika adhuhuri ya kesho yake nilikuwa na kikapu, kimeinama upande mmoja lakini kikapu. Mishikio ni kamba ya mkonge. Mkonge wenyewe ulianzia hapahapa kwetu, Kikogwe, mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika 62 mizima. Nilisoma hayo shuleni nikayajibu kwenye mtihani, na sikuwahi kuishika kamba yake mpaka siku ile.

Asubuhi ya mwisho tulivuka na pantoni kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, kwa mama mmoja mwenye ukindu uliokwisha kuanikwa. Mto ulikuwa umejaa, maji ya bahari yanapanda. Shangazi alipatana bei kwa dakika ishirini, akapunguziwa kidogo sana, na akarudi amefurahi kama kapewa bure. Nyumbani akatupikia samaki wa kupaka na mkate wa kumimina. Nililala mchana, mlango wazi, kitu ambacho Dar sikithubutu.

Sasa

Kikapu kinakaa jikoni, kina vitunguu. Nimeanza upya kwa chane tisa, na kila shubiri napima kwa vidole vyangu: vitatu, vitatu, vitatu. Pima ya tano ina sehemu moja vimekuwa vitatu na kidogo. Nimeifunga uzi mwekundu ili Shangazi aione kabla hajaitafuta.

Ukindu uliobaki utatosha pima mbili. Nimekwisha kata tiketi ya Ijumaa.