Aliyehesabu Makomamanga

Somo la juma: Yeremia 52:12-23 na Ezra 1:7-11

Wapendwa katika Bwana,

Sura ya mwisho ya kitabu cha Yeremia wengi wetu huipitia mbio mbio. Baada ya kutusimulia jinsi mfalme Sedekia alivyotobolewa macho, na jinsi Nebuzaradani, amiri wa askari walinzi wa mfalme wa Babeli, alivyoichoma moto nyumba ya Bwana mwaka 586 K.K., mwandishi anaiacha simulizi na kuanza kuorodhesha vyombo: masufuria, majembe, makasi, mabakuli, miiko. Kisha anafika kwenye nguzo mbili za shaba zilizosimama mbele ya hekalu, na hapo anakuwa kama mtu asiyetaka kuondoka. Anatuambia kwamba kila nguzo ilikuwa na urefu wa dhiraa 18, kwamba uzi wa dhiraa 12 uliweza kuizunguka, kwamba shaba yake ilikuwa na unene wa vidole vinne na ndani ilikuwa tupu. Juu yake palikuwa na taji lenye wavu na makomamanga ya shaba. Yaliyoonekana pande zote ni 96, na yote pamoja yalikuwa 100.

Wakati maneno haya yanaandikwa nguzo hizo hazipo tena. Wakaldayo walizivunja vipande vipande wakaichukua shaba Babeli, kwa maana kilichowavutia ni uzito wa madini, na komamanga la shaba lililofinyangwa kwa ustadi lina uzito uleule hata likipondwapondwa. Hakuna msomaji angeweza kwenda Yerusalemu kuhakikisha kama yalikuwa 96 au 90. Hata hivyo mwandishi anahesabu, na Roho wa Mungu ameona vema hesabu hiyo ikae ndani ya Maandiko karibu kabisa na habari za watu waliouawa na waliochukuliwa utumwani, bila mtu yeyote kuiondoa kwa kusema kwamba ni mambo madogo. Mimi nimekuja kuiona orodha hii kuwa ni maombolezo kamili, ingawa haina neno moja la kilio. Anayeitaja kazi ya mikono iliyoharibiwa kwa jina lake na kipimo chake anamnyima mharibifu ushindi wake wa mwisho, yaani ule wa watu kusahau kwamba kitu hicho kiliwahi kuwapo.

Nchi iliyoteka vyombo vile ndiyo Iraq ya leo, na zamu yake ya kuhesabu imefika. Mwezi wa Aprili 2003, majeshi yaliyoongozwa na Marekani yalipokuwa yameingia Baghdad, Makumbusho ya Taifa iliachwa bila ulinzi, na kwa muda wa siku kadhaa kuanzia tarehe 10 waporaji waliingia na kutoka watakavyo. Siku chache baadaye Maktaba ya Taifa iliwaka moto. Mwanzoni ulimwengu uliambiwa kwamba vitu 170,000 vimeibwa. Uchunguzi ulipofanyika idadi ikashuka hadi kama 15,000, kwa sababu wafanyakazi wa makumbusho walikuwa wameficha vingi kabla ya vita kuanza. Kulikuwa na watu waliodhihaki kosa hilo la hesabu, kana kwamba vitu 15,000 ni vichache. Ningependa watu hao wasome Ezra 1:9-11, ambapo Mithredathi mtunza hazina anamhesabia Sheshbaza, mkuu wa Yuda, vyombo vinavyorudishwa kwa amri ya Koreshi, mfalme wa Uajemi. Ukivijumlisha vilivyotajwa kimoja kimoja unapata 2,499, ilhali mwandishi anasema jumla ni 5,400. Wafafanuzi wameuandikia sana utofauti huo. Anayehesabu mali yake baada ya kuporwa huhesabu katikati ya vurugu, na Mungu hakuikataa orodha hiyo kwa sababu haikukamilika.

Katika magofu ya Babeli yenyewe askari wa kigeni waliweka kambi kuanzia mwaka 2003 hadi mwisho wa 2004. Ripoti ya British Museum iliyotolewa mwaka 2005 ilieleza kwamba magari mazito yalivunja matofali ya Njia ya Maandamano yenye umri wa zaidi ya miaka 2,500, kwamba mitaro ilichimbwa kati ya magofu, kwamba magunia ya kujikinga na risasi yalijazwa udongo uliochanganyika na vigae vya kale, na kwamba baadhi ya sanamu za joka kwenye Lango la Ishtar ziliharibiwa. Hakuna aliyekuwa ameamriwa kuibomoa Babeli. Walihitaji mahali pa kuegesha magari. Nadhani sehemu kubwa ya uharibifu unaofanywa na majeshi yanayokalia nchi za watu iko hivi: haina chuki ndani yake, ila ni kutojali kwa mtu ambaye ardhi anayoikanyaga si ya babu zake, na kwa sababu hakuna chuki basi hakuna hata anayeona kwamba kuna jambo la kutubia.

Chuki ilikuja baadaye, na ilikuja ikiwa na jina la Mungu mdomoni. Mwaka 2014 kundi lililojiita Dola la Kiislamu liliuteka Mosul, mji unaotazamana na magofu ya Ninawi ng'ambo ya mto Tigris. Tarehe 24 Julai mwaka huo walilipua msikiti wa Nabii Yunus, mahali palipoheshimiwa kwa karne nyingi kuwa ndipo alipozikwa Yona. Monasteri ya Mtakatifu Eliya, iliyokuwa imesimama nje ya mji huo kwa takriban miaka 1,400, iligeuzwa kifusi. Mwezi wa Februari 2015 walionyesha video ya wanaume wakivunja sanamu kwa nyundo katika makumbusho ya Mosul, na mwezi uliofuata wakaingia Nimrud, kwenye jumba la mfalme wa Waashuri Ashurnasirpal wa Pili. Wala hawakuacha mali ya Waislamu wenzao, kwa maana mwaka 2017, walipokuwa wanazidiwa nguvu, waliulipua msikiti mkuu wa al-Nuri pamoja na mnara wake uliopinda, uliokuwa fahari ya mji mzima.

Wavunjaji wa sanamu walisema kwamba wanatii amri ya Mungu ya kuangamiza vinyago. Ni rahisi kwetu kutikisa kichwa na kupita, lakini tukumbuke kwamba Kumbukumbu la Torati 7:5 na 12:3 imo katika Biblia zetu, na kwamba Wakristo nao wamewahi kushika nyundo na kuwasha moto. Mwaka 1204 wapiganaji wa vita vya msalaba waliupora Konstantinopoli, mji wa Wakristo wenzao. Mwaka 1562, katika mji wa Maní huko Yucatán, nchini Mexico, mtawa Diego de Landa aliamuru vitabu vya Wamaya vichomwe, na baadaye yeye mwenyewe aliandika kwamba watu walivililia sana. Sitaki kuzilainisha aya hizo ngumu. Naona tu kwamba amri ile ilihusu ibada iliyokuwa hai katikati ya Israeli. Hezekia aliivunja nyoka ya shaba kwa sababu watu walikuwa bado wanaifukizia uvumba (2 Wafalme 18:4). Katika Nimrud hapakuwa na aliyefukiza uvumba kwa zaidi ya miaka 2,000.

Tena tunaye mfano ulio karibu nasi zaidi. Paulo alipofika Athene roho yake ilichukizwa alipoona mji umejaa sanamu, lakini hakugusa hata moja. Alizunguka, akazitazama kwa makini, akasoma maandishi yaliyokuwa juu ya madhabahu moja, na kutoka kwenye jiwe hilo la watu wasiomjua Mungu akaanza kuhubiri (Matendo 17:16-23). Huko Efeso, mji wa hekalu kubwa la Artemi, ghasia zilipozuka, karani wa mji aliyekuwa hana imani ya Kristo alisimama na kushuhudia hadharani kwamba watu hawa hawakuiba vitu vya hekalu wala hawakumtukana mungu wao wa kike (Matendo 19:37). Kanisa la kwanza lilikuwa na sifa hiyo mbele ya wasioamini, na ninashangaa kwamba tunaihubiri mara chache kiasi hiki.

Wako watakaouliza kwa haki kabisa: watu wanachinjwa, watoto wanakufa njaa, na sisi tunalilia mawe? Swali hilo ni zito, na anayelia kwa ajili ya nguzo huku amekauka macho mbele ya mjane ana ugonjwa wa roho. Lakini tumtazame Bwana wetu katika Luka 19:41-44. Anaulilia mji wa Yerusalemu kwa sababu ya adui watakaouzingira, na katika sentensi moja anawataja watoto walio ndani yake na jiwe lisiloachwa juu ya jiwe. Haviweki kwenye mizani viwili hivyo. Wanaoteka miji huvifahamu pia kuwa ni kitu kimoja: wale walioivunja Ninawi ndio waliochora herufi ya kuwatambulisha kwenye milango ya Wakristo wa Mosul na kuwafukuza, na jiwe lilivunjwa ili mtu aliyefukuzwa asiwe na pa kurudia wala ushahidi kwamba aliwahi kuishi pale. Ndiyo maana kuna walioona si upuuzi kuhatarisha maisha yao. Najeeb Michaeel, padre wa Shirika la Wadominika ambaye baadaye alifanywa kuwa askofu mkuu wa Mosul, aliihamisha miswada ya kale ya Wakristo wa mashariki hadi Erbil kabla haijafikiwa na moto. Na huko Palmyra, nchini Syria, Khaled al-Asaad, Mwislamu, mzee wa zaidi ya miaka 80 aliyeyatunza magofu ya mji huo kwa miongo minne, alikamatwa na kuhojiwa zilikofichwa hazina zake. Hakusema, nao wakamuua mwezi wa Agosti 2015. Sioni aibu kulitaja jina lake tukiwa tumepiga magoti.

Imebaki habari ya karamu. Katika Danieli 5 anayehukumiwa usiku uleule ni Belshaza, na yeye hakuliteka hekalu. Aliyeliteka ni Nebukadreza, miaka mingi kabla yake. Belshaza alivikuta vyombo ghalani, akaagiza viletwe mezani, akavinywea divai. Wale waliovunja sanamu kubwa mbele ya kamera waliviuza vile vidogo vinavyobebeka, na biashara hiyo haiwezi kudumu pasipo mezani pa mtu fulani, mbali na vita, aliye tayari kununua bila kuuliza. Mwezi wa Februari 2015 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku biashara ya mambo ya kale yaliyotoka Iraq na Syria kinyume cha sheria. Miaka miwili baadaye kampuni ya Hobby Lobby ya Marekani, inayomilikiwa na familia ya Kikristo iliyo nyuma ya Makumbusho ya Biblia huko Washington, ilikubali kulipa dola milioni 3 na kuvisalimisha maelfu ya vitu vya kale vya Iraq, vikiwamo vibao vya udongo vyenye maandishi, ambavyo vilikuwa vimeingizwa nchini katika vifurushi vilivyoandikwa kwamba ni vigae. Shauku ya ndugu hawa ya kushika kwa mikono kitu kilichotoka katika nchi za Biblia naielewa vizuri, maana ninayo. Ila upendo wa Neno hautoi ruhusa ya kununua chombo kilichotoka katika nyumba iliyovunjwa, na muumini anayeletewa sarafu, taa au kibao cha kale kisicho na hati za kuonyesha kilikotoka anapaswa kukikataa, hata kama muuzaji anamwapia kwamba kilikanyagwa na mitume.

Kurudisha nako kuna baraka yake. Miezi miwili baada ya uporaji wa Baghdad, chombo cha mawe cha Warka, mji wa kale wa Iraq, chenye umri wa takriban miaka 5,000, kilirudishwa kwenye makumbusho kikiwa vipande vipande ndani ya gari, kwa sababu waliokirudisha waliahidiwa kutohojiwa. Mwaka 2021 Iraq ilipokea kutoka Marekani vitu zaidi ya 17,000. Katika mji wa Mosul msikiti wa al-Nuri na makanisa mawili ya jirani, la al-Tahera na la Mama Yetu wa Saa, vimejengwa upya chini ya usimamizi wa UNESCO.

Kwa juma hili tusome Zaburi 74 jioni, pamoja na Yeremia 27:16-22, ambapo Bwana anasema vyombo vitakaa Babeli hata siku atakapovijilia. Katika maombi tuwataje wafanyakazi wa makumbusho na maktaba walio katika nchi zenye vita sasa hivi, Wakristo wa uwanda wa Ninawi ambao hawajarudi makwao, mafundi wanaounganisha vipande, na wale ambao bado wana vitu vya wizi majumbani mwao, wapate ujasiri wa kuvirudisha.