Nilivyoiweka sawa mitambo yetu ya dizeli mbele ya kanuni za moshi za California

Mwezi wa Septemba 2018 nilikabidhiwa karakana ya kampuni ndogo ya kusawazisha viwanja na mashamba karibu na mji wa Fresno, California, na pamoja na funguo nikapewa jalada moja lililoandikwa DOORS kwa wino mwekundu. Hilo ni jina la mfumo wa mtandaoni ambamo kila mwenye mitambo ya dizeli ifanyayo kazi nje ya barabara, yaani matingatinga, magreda, ekskaveta na jamaa zake, hupaswa kuiandikisha kwa Bodi ya Rasilimali za Hewa ya California, ambayo sisi wa karakana huiita CARB. Nilikuwa nimeshika spana za injini kubwa kwa miaka 19, kwanza Tanga na baadaye huku, lakini sikuwahi kuandikisha mtambo hata mmoja. Mwenye kampuni alinieleza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2019 masharti yangezibana hata kampuni ndogo kama yetu, na kwamba wakandarasi wakubwa wanaotupa kazi wasingetupokea bila cheti cha kuonyesha kuwa mitambo yetu imeandikishwa na imetimiza masharti. Nilikuwa na miezi mitatu na ushei.

Jambo la kwanza lililonichanganya ni kwamba kanuni zenyewe ni za aina mbili. Za kwanza ni za serikali ya shirikisho, chini ya EPA, yaani shirika la Marekani la kulinda mazingira, nazo humbana mtengenezaji: injini inapotoka kiwandani lazima iwe imetimiza kiwango cha moshi cha mwaka wake. Viwango hivyo vimepangwa kwa madaraja ambayo mafundi huyaita Tia. Tia 1 ilianza mwaka 1996 kwa injini za ukubwa fulani, Tia 2 na 3 zikafuata hadi mwaka 2008, na Tia 4, ambayo kanuni yake ilitolewa mwaka 2004, ikaingia kwa awamu kati ya 2008 na 2015. Injini iliyotangulia Tia 1 huitwa Tia 0, maana yake haikuwekewa mpaka wowote. Kanuni ya pili ni ya California yenyewe, iliyopitishwa Julai 2007, nayo humgeukia mwenye mtambo na kumwuliza ataendelea kuitumia injini hiyo kuukuu mpaka lini. Inahusu kila mtambo unaojiendesha wenye injini ya nguvu farasi 25 na zaidi, na kampuni ambayo jumla ya nguvu za mitambo yake haizidi 2,500 huhesabiwa kuwa ndogo. Sisi tulikuwa na mitambo 11, jumla nguvu farasi 1,640.

Kampuni ndogo ilikuwa na njia mbili za kutimiza sharti la mwaka. Ama wastani wa oksidi za naitrojeni zinazotolewa na mitambo yake yote, ukipigwa kwa uzito wa nguvu za kila injini, uwe chini ya lengo la mwaka huo; ama, ikishindwa, iondoe au ibadilishe mitambo michafu yenye asilimia 10 ya nguvu zake zote. Kwetu sisi asilimia hiyo ilikuwa nguvu farasi 164. Kwa hesabu iliyokuwa ndani ya jalada tulikuwa tunapita kwa njia ya wastani, ingawa kwa tofauti ndogo sana. Nikaamua kutoiamini hesabu hiyo mpaka nitakapoona kila injini kwa macho yangu.

Jumamosi mbili mfululizo nilipita mtambo kwa mtambo nikiwa na tambara, brashi ya waya, mafuta ya taa, kioo kidogo cha mkono na simu ya kupigia picha. Nilichokuwa nikitafuta ni kibati cha moshi cha injini, ambacho aghalabu kimebandikwa juu ya kifuniko cha valvu au ubavuni mwa bloku, chini ya tabaka la grisi na vumbi lililoshikamana miaka na miaka. Kwenye kibati hicho kuna jina la ukoo wa injini, mfuatano wa herufi na tarakimu ambao fundi asiyeujua huupita kama takataka, kumbe umebeba habari yote. Alama ya kwanza ni mwaka wa injini: 6 ni 2006, 7 ni 2007, na kuanzia 2010 zinaingia herufi, A ikiwa ya kwanza. Tatu zinazofuata ni za mtengenezaji. Kisha, kwa injini ya dizeli ya nje ya barabara, huja herufi L, na baada yake ujazo wa injini kwa lita, kwa mfano 06.8. Ukishazoea kuusoma mfuatano huo, huhitaji kumwuliza mtu injini ina umri gani.

Vibati vile vilitupa jambo moja jema na moja baya. Greda letu lilikuwa limeandikishwa kwa mwaka wa mtambo, 1998, lakini injini yake ilikuwa imebadilishwa na mwenyewe wa zamani, na kibati kilianza na tarakimu 6. Kwa hiyo mtambo tuliokuwa tukiuhesabu miongoni mwa wachafu ulikuwa na injini safi kuliko tulivyodhani. Nilifurahi kwa muda wa kama saa moja. Alasiri ile ile nikafika kwenye loda la magurudumu, la nguvu farasi 140, lililonunuliwa mwaka mmoja kabla sijaanza kazi. Muuzaji alikuwa ameliuza kama mtambo wa 2007, na kwa kuwa injini za ukubwa huo ziliingia Tia 3 mwaka huo, aliyeandikisha akajaza Tia 3. Nilipofuta grisi nikakuta maandishi madogo yanayotaja kifungu cha 89.102 cha kanuni za shirikisho. Hicho ndicho kifungu kilichowapa watengenezaji wa mitambo ruhusa ya kuendelea kufunga idadi maalumu ya injini za daraja lililotangulia wakati wakijipanga kwa jipya. Mtambo ulikuwa wa 2007 kweli, lakini injini ilikuwa ya Tia 2. Kwa injini za ukubwa huo, Tia 2 huruhusu gramu 6.6 za oksidi za naitrojeni pamoja na mabaki ya mafuta yasiyoungua kwa kila kilowati-saa, na Tia 3 huruhusu gramu 4.0. Si tofauti ya kupuuzwa.

Nilimpelekea mwenye kampuni picha zote mbili kwa pamoja na kumweleza kwamba greda limetuinua lakini loda limetushusha zaidi, na kwamba tukirekebisha rekodi hatutapita tena kwa njia ya wastani. Alikaa kimya kitambo, akauliza kama kuna mtu mwingine aliyekiona kibati. Nikamjibu kwamba mkaguzi yeyote mwenye tambara atakiona. Akasema, basi rekebisha. Ninamheshimu kwa neno hilo mpaka leo, kwa kuwa alijua lingemgharimu tingatinga.

Tingatinga lenyewe lilikuwa la mwaka 1986, nguvu farasi 200, Tia 0, na ndilo lililoijenga kampuni. Kuliondoa kulitosheleza zile 164 na kubakiza ziada ya 36 iliyohamia mwaka uliofuata. Kanuni iliruhusu kuuza mtambo wa namna hiyo nje ya jimbo, na wanunuzi walikuwepo. Hapo nilisema ambayo pengine si kazi ya msimamizi wa karakana kuyasema. Bonde la San Joaquin limezibwa na milima ya Sierra Nevada upande wa mashariki na milima ya pwani upande wa magharibi, na hewa chafu ikishaingia hukaa. CARB ilitangaza masizi ya dizeli kuwa sumu ya hewa mwaka 1998, na mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wakauweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Ikiwa tunauondoa mtambo kwa sababu hizo, nilimwambia, tukiuuza tutakuwa tumeuhamishia moshi wake kwenye vifua vya watu wengine. Alikubali ukatwe uwe chuma chakavu. Tulihifadhi vipuri vya minyororo, tukatuma picha za ushahidi, na rekodi yake ikafungwa.

Badala yake tulinunua tingatinga lililotumika la mwaka 2015, Tia 4 ya mwisho, yaani ya awamu ya mwisho ya daraja hilo, na safari hii nilidai picha ya kibati kabla ya fedha kutoka. Injini ya namna hii ina chujio la masizi la kauri kwenye eksozi na mfumo wa kupuliza kimiminika cha urea unaovunja oksidi za naitrojeni. Nikiingiza kitambaa cheupe ndani ya bomba lake la moshi hutoka cheupe. Lakini wiki ya tano taa ya chujio iliwaka na mtambo ukajipunguzia nguvu katikati ya kazi. Nilipochunguza kumbukumbu za kompyuta yake nikakuta kwamba kila siku ulikuwa ukiachwa ukiunguruma bure karibu saa mbili, ili kibanda cha dereva kibaki na ubaridi. Moshi wa injini isiyobeba mzigo hauna joto la kutosha kuyachoma masizi, kwa hiyo chujio hujaa. Kanuni ya California inakataza kuacha injini ikiunguruma bure zaidi ya dakika 5, na sisi tulikuwa tukiivunja kila siku. Niliwakusanya madereva, nikawafungulia chujio walione, na tangu siku hiyo sharti la dakika 5 halikuhitaji msimamizi.

Tulijifunza na mengine. Chujio linapojisafisha, joto la eksozi hukaribia nyuzi 600, kwa hiyo mtambo huegeshwa mahali palipokwanguliwa, mbali na nyasi kavu, na hapa California jambo hilo halina mjadala. Majivu yatokanayo na oili hayaungui kabisa, ndiyo maana tunatumia oili yenye majivu kidogo tu, ya daraja la CJ-4 au CK-4. Urea nayo haipendi joto: ikihifadhiwa kwenye nyuzi 30 hudumu kama miezi 12, lakini kwenye nyuzi 35 hudumu nusu ya hapo, na kontena letu la bati wakati wa Julai huwa moto kuliko hivyo. Niliihamishia kwenye stoo yenye kivuli na nikaacha kununua mapipa makubwa.

Upande wa mafuta ulikuwa rahisi kwa miaka kadhaa. Dizeli ya nje ya barabara Marekani hutiwa rangi nyekundu, na nimewakuta mafundi wanaodhani wekundu huo ni dalili ya salfa nyingi. Rangi ni ya kodi tu, kuonyesha kwamba mafuta hayo hayakulipiwa kodi ya barabara. Salfa ilipunguzwa na EPA hadi sehemu 500 kwa milioni mwaka 2007 na sehemu 15 mwaka 2010, na bila hatua hiyo vichujio vya Tia 4 visingewezekana. Mambo yalibadilika tarehe 1 Januari 2024, CARB ilipotaka tutumie dizeli jadidifu ya R99 au R100, inayotengenezwa kwa mafuta ya kupikia yaliyotumika na mafuta ya wanyama yaliyopitishwa kwenye haidrojeni. Injini mpya ziliipokea bila shida. Bekoo letu la zamani lilianza kuvuja kwenye pampu ya nozeli ndani ya mwezi, kwa kuwa sili za mpira zilizovimba kwa miaka mingi ndani ya dizeli ya kawaida hunywea zinapokutana na hii. Nilibadilisha sili zote, na tangu hapo limekauka. Risiti za mafuta ninaziweka kwenye jalada lile lile, kwa tarehe.

Shemeji yangu aliyeko Dar es Salaam alinipigia mwaka jana akiniuliza kama anunue ekskaveta ya Tia 4 kutoka mnadani huku. "Shemeji, wanasema haitoi moshi kabisa," aliniambia. Nikamweleza kwamba ni kweli, ila injini hiyo imetengenezwa kwa mafuta ya sehemu 15 za salfa, ilhali kiwango cha Afrika Mashariki tangu Januari 2015 ni sehemu 50, na kwamba ahakikishe kwanza kuna urea na kuna fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya mtambo karibu naye. Nilimsihi pia asikubali kununua iliyokatwa chujio, kwa sababu dereva wake ndiye atakayevuta masizi hayo kutwa nzima.

Kwetu umebaki mtambo mmoja wa Tia 0, skrepa ya mwaka 1989. Kwa kampuni ndogo mitambo ya daraja hilo inapaswa kuondoka ifikapo Januari 2028. Bodi ya skrepa hiyo bado ni nzima, kwa hiyo nimependekeza tuibadilishe injini, na nimekwisha kupima nafasi ya radieta na ya chujio. Wiki iliyopita muuzaji mmoja alinitumia picha ya injini anayosema ni ya Tia 4 ya mwisho. Kibati kinaonekana, lakini alama ya kwanza ya jina la ukoo imefunikwa na rangi. Nimemwomba aifute kwa tambara lenye mafuta ya taa, kisha apige picha tena.