Gasketi ya tapeti kava ya Canter ya zamani: shika raba, usisome boksi

Wadau wa Canter za zamani, leo naongelea kitu ambacho watu wanakidharau sana, gasketi ya tapeti kava, yaani ile raba inayozuia oili kati ya hedi (kichwa cha injini) na kifuniko cha juu kabisa kinachofunika valvu. Nazungumzia hasa hizi Fuso Canter za injini ya 4D, yaani 4D32, 4D33, 4D34 na ndugu zake, gari za kizazi kilichoanza 1993 ambazo mpaka leo ndo zinabeba nyanya za Ilula, mchanga, matofali, kila kitu. Ni injini ngumu kwelikweli, ya pushirodi (vyuma virefu vinavyosukuma valvu), kemshafti inazungushwa na gia, hakuna mkanda wa taimingi wa kukukatikia njiani. Lakini nyanyua kabini sasa, unakuta injini imelowa oili kuanzia juu mpaka kwenye sampu, lile bakuli la oili la chini, vumbi limegandia humo mpaka hujui bolti iko wapi, na mwenye gari anakwambia "kawaida bwana, gari za zamani zinavuja". Sio kawaida. Ukikuta pale juu panavuja, mara nyingi gasketi iliyofungwa mwisho ilichaguliwa kwa haraka, au kuna kitu kingine chini yake hakikuangaliwa.

Na kwa nini nalishikia bango hili jambo? Kwa sababu Canter unakaa juu ya injini. Oili ikitoka kwenye kava ikateremka mpaka kwenye manifoldi ya ekzosi, ule moshi unapanda kwako. Unapandisha mlima Kitonga na mzigo wa saruji, gia ndogo, manifoldi imeiva, harufu ya oili inayoungua inajaa kabini, dereva na utingo wake wanaivuta mpaka juu. Halafu oili ikizoea kulowanisha waya na yale masponji ya kuzuia kelele chini ya kabini, hapo unatembea na hatari ya moto, sio uchafu tu.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Kabla hujaenda dukani soma namba ya injini kwenye bloku yenyewe, futa na dizeli kidogo mpaka herufi zionekane, usitegemee kadi ya gari wala kibandiko cha mlangoni. Hizi gari zimebadilishwa injini sana, bodi inasema hivi ndani kumekaa kitu kingine kabisa. 4D33 ni cc 4214, 4D34 ni cc 3907, 4D32 ni cc 3567, na ukifika Gerezani, kwenye maduka ya spea Dar, ukisema tu "nipe gasketi ya tapeti kava ya Canter" utapewa iliyo karibu na mkono wa muuzaji. Mi ninachofanya nabeba kava lenyewe. Ndiyo, zima, nimelisafisha, nimeliweka kwenye mfuko wa salfeti, naingia nalo dukani. Muuzaji akisema "kaka hii inaingiliana na zote" sibishani nae, naichukua naiweka kwenye mfereji wa kava palepale kaunta. Ikiingia bila kuvutwa na bila kujikunja kwenye kona, tunaendelea kuongea. Ukiona inabidi uivute kidogo ili ifike basi iache, maana raba iliyovutwa itarudi tu, na ikirudi itaacha mwanya kwenye kona.

Kuhusu malighafi, kuna aina kama tatu utakazokutana nazo. Kuna zile za kahawia zenye chengachenga, za gome la mti, ambazo zilikuwa kwenye injini nyingi za zamani zaidi na bado zinauzwa kwa injini zenye kava la bati. Si mbaya, zinafuata mabonde ya bati vizuri, ila zinakauka, zinasinyaa, zinapasuka, na ukizikaza sana zinapondeka zikatokeza pembeni. Kuna raba nyeusi ya kawaida, nitraili, hii inavumilia nyuzi 100 hadi 120 hivi kwa muda mrefu, na ndo maana ile ya bei ya chini kwenye gari inayopanda milima na mzigo inageuka ngumu kama plastiki, ukiitoa inavunjika vipande. Halafu kuna raba ya silikoni, inavumilia zaidi ya nyuzi 200, inabaki laini miaka. Kwa Canter inayofanya kazi nzito mi nachukua silikoni nikiipata, au ile ya mtengenezaji mwenyewe, na bei inapishana sana ila hesabia pia oili utakayoongeza kila wiki. Rangi isikudanganye lakini. Nimeona raba za rangi ya chungwa zinaitwa silikoni na ukizikunja zinapauka pale kwenye mkunjo, nyeupe kabisa, sijui zimechanganywa na nini.

Ndo maana nasema shika. Itoe kwenye nailoni, ikunje kwa vidole viwili halafu iachie, iliyo nzuri inarudi hapohapo na haiachi alama. Ibonyeze na kucha, kashimo kafutike. Pitisha kidole kwenye ule mdomo unaokaa kwenye hedi, kote mzunguko mzima, unatakiwa uhisi unene mmoja, ukikuta kinundu cha mabaki ya moldi au sehemu imenyong'onyea ndo patakapovuja. Na angalia ilivyowekwa dukani, gasketi iliyoning'inizwa msumarini mwaka mzima mlangoni jua linaipiga, au iliyokunjwa mara nne ili iingie kwenye boksi dogo, hiyo imeshazeeka kabla haijaona oili. Boksi zuri lenye hologramu halinisaidii kitu, maboksi yanachapishwa popote. Usisahau na vile viraba vya chini ya bolti za kava, watu wananunua gasketi mpya wanarudisha viraba vya zamani vilivyokauka, oili inatokea kwenye bolti, wanalaumu gasketi.

Halafu hii tabia ya kupaka silikoni ya tyubu kila mahali jamani tuiache. Gasketi ya raba inafungwa kavu, sehemu zote mbili zimefutwa mafuta. Silikoni ni kidogo tu pale injini inapodai, kama kwenye Hilux za 22R zenye vile viraba vya nusu mwezi mbele na nyuma ya hedi, zile kona unaweka tone. Ukijaza mzunguko mzima raba inateleza inatoka kwenye mfereji, na ile inayobanwa kuingia ndani inakatika vipande, inashuka na oili mpaka kwenye chujio la pampu kule chini. Injini nzima inakosa oili kwa ajili ya tyubu moja.

Na kuna injini ambazo hata ulete gasketi gani itavuja. Ringi za pistoni zimechoka, gesi inapita pembeni ya pistoni inaingia chini, ikikosa pa kutokea inasukuma oili kwenye kila mwanya. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote acha injini sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, fungua kifuniko cha kujazia oili uangalie. Moshi mwepesi kidogo sawa, lakini kama kinatoa pumzi za nguvu kifuniko kinarukaruka, kwanza toa mpira wa briza, ule wa kutolea pumzi ya injini, uusafishe, unaweza ukawa umeziba kwa uchafu tu na ukaokoa hela. Ukiwa safi na bado inapumua hivyo, shida yako iko kwenye ringi.

Kava nalo. Liweke juu ya kipande cha kioo, lisukume kona hii na ile, likicheza limepinda. La bati mara nyingi limebonyea kwenye matundu ya bolti kwa sababu ya kukazwa kwa hasira, unalirudisha taratibu na nyundo ndogo juu ya mbao. La alumini usilikwangue na bisibisi, tumia kipande cha mti au plastiki, mkwaruzo mmoja unatosha kupitisha oili. Kukaza unaanzia katikati unatoka nje, kwa raundi mbili, kwa spana ndogo ya mkono. Bolti hizi zinataka nguvu kidogo sana, kwenye injini nyingi ni nyutonimita chini ya 10, angalia kitabu cha injini yako, na fundi akianza kuvuta na mpini mrefu mwambie aache hapo.

Mwisho, ukipata duka lenye gasketi nzuri nunua mbili. Ya pili ilaze bapa, usiikunje, iweke kwenye bahasha nyeusi mbali na jua na mbali na dizeli, chini ya kiti hapana kwa sababu ya joto. Siku ya kupiga tapeti, yaani kurekebisha nafasi za valvu, kava litafunguliwa tu, na utakuwa nayo mkononi badala ya kurudishia ya zamani.