Usiziruke gemu za pembeni

Mtu wa Malindi akitajiwa Kizingo na Kikowani anajua ni Mombasa, safari ya asubuhi moja kwa matatu. Mpenzi wa Halo, mfululizo wa gemu za vita vya risasi, aliyemaliza Halo 3 kisha akasubiri tu shujaa wake, Master Chief, arudi amezipita sehemu hizo bila kuzijua. Zimo ndani ya Halo 3: ODST, iliyotoka mwaka 2009, na kwangu hiyo ndiyo hoja nzuri kuliko zote ya kuzitetea gemu za pembeni, zile zinazomwacha shujaa mkuu na kumfuata mtu mwingine.

Gemu kuu ya mfululizo ina mzigo wa kuokoa dunia, na kila toleo lazima vita viwe vikubwa kuliko vya jana. Gemu ya pembeni imepewa ruhusa ya kukaa na mtu mmoja. Lakini hadithi peke yake haitoshi. Ikiwa kweli mhusika ni mwingine, vidole vitajua kabla ya masikio: padi ileile, vitufe vilevile, ila tabia uliyozoea inakuua.

Ndivyo ODST ilivyo. Ni mwaka 2552, mji ni New Mombasa, na wewe ni askari wa kawaida anayeitwa Rookie, asiyesema neno. Anazinduka saa sita baada ya kuangushwa kutoka angani, wenzake hawaonekani. Hana ngao ya Master Chief. Ana pumzi, inayorudi akijificha kidogo, na chini yake ana afya, ambayo hairudi mpaka afike kwenye kisanduku cha dawa ukutani. Kwa hiyo kabla ya kufyatua risasi ya kwanza, jua kisanduku kilicho karibu kiko wapi. Silaha zake za mwanzo zina kizuia sauti, na zimekusudiwa kazi hiyo: piga kichwa kimoja, hama, subiri. Anayeingia katikati ya barabara kama alivyozoea kwenye Halo 3 anakufa, halafu anasema gemu ni mbovu.

Kuna pia VISR, kioo cha kofia kinachochora adui kwa mstari mwekundu gizani. Wengi huiwasha wakaisahau. Ukiingia mahali penye mwanga inakuumiza macho na huoni kitu, basi izime kila unapotoka gizani.

Mitaani Rookie anaokota vitu vilivyoachwa na wenzake: bunduki ya mdunguaji iliyopinda, mkebe mtupu wa dawa ya majeraha. Kila kitu kinakurudisha nyuma ukacheze saa chache zilizopita ukiwa mwenzake aliyekiacha. Ukishamaliza misheni ya Tayari Plaza unaweza kuvifuata kwa mpangilio unaotaka. Na hapa ndipo watu hupoteza nusu ya gemu. Alama inayoelekeza njia inakuvuta moja kwa moja hadi kwenye kitu kinachofuata, nao wanaitii, wanamaliza hadithi upesi, bila kumsikia Sadie.

Sadie Endesha ni msichana anayemtafuta baba yake, Dkt. Daniel Endesha, usiku mji unaposhambuliwa. Hadithi yake imegawanywa katika rekodi 30 za sauti, zilizofichwa kwenye simu za umma, mashine za kutolea pesa na vibanda vya taarifa. Msaidizi wake ni Superintendent, akili bandia inayoendesha mji, isiyoweza kusema ila kwa matangazo ya umma yaliyorekodiwa. Inamlinda binti huyo kwa taa, treni na mabango. Fungua ramani, ipuuze alama, pita mtaa mmoja baada ya mwingine, na ukisikia simu inalia ifuate. Faida si hadithi tu, kwani rekodi hizo pia hufungua ghala za silaha mitaani. Ya mwisho iko katika misheni ya Data Hive, karibu na mwisho wa gemu, hivyo usikimbilie huko na rekodi tatu mkononi. Ukiwa umeshamaliza, chagua Mombasa Streets kwenye orodha ya misheni uendelee kuzitafuta.

Usitarajie milango ya nakshi wala vichochoro vya Mji wa Kale. Ni zege, chuma na taa za rangi. Hata hivyo, jina la Endesha na la Kikowani kusikika katika mfululizo mkubwa namna hiyo lina uzito kwetu watu wa pwani, na sioni haja ya kulificha.

The Last of Us: Left Behind, ya mwaka 2014, ni fupi zaidi, saa mbili hadi tatu. Ellie na rafiki yake Riley wanazurura ndani ya jumba la maduka lililotelekezwa. Wanafika kwenye mashine ya gemu iliyoharibika. Riley anamwambia Ellie afumbe macho, anaanza kumsimulia pigano, na wewe unabonyeza vitufe huku skrini inaonyesha uso wa Ellie tu. Hakuna anayepigana na yeyote, na bado vidole vinahangaika visikose. Sijaona gemu nyingine iliyoeleza urafiki wa watoto kwa uzuri huo. Mapigano mengi yako katika sehemu nyingine ya hadithi, ya baadaye, ambapo Ellie ni mdogo na yuko peke yake bila Riley, kwa hiyo fanya ambacho gemu kuu haikukupa nafasi ya kufanya: tupa chupa au tofali katikati, walioambukizwa, yaani watu waliogeuzwa wakali na maradhi, wawasikie wawindaji, watu wenye silaha wanaomsaka Ellie, uwaache wamalizane. Icheze baada ya gemu kuu, si kabla, maana inataja jeraha la Joel, anayemlinda Ellie katika gemu kuu, bila kukueleza lilivyotokea.

Crisis Core: Final Fantasy VII ilitoka kwa PSP, mashine ya mkononi, mwaka 2007, ikarudi upya mwaka 2022 kwa jina la Reunion. Zack Fair, shujaa wa gemu hii, ana DMW, picha za watu anaowajua zinazozunguka kwenye kona ya skrini wakati wote wa pigano. Zikilingana, anapata nguvu na kumbukumbu ya mtu huyo. Mara ya kwanza inaudhi, kwa kuwa huidhibiti. Vumilia, kwa sababu katika pigano la mwisho mashine hiyohiyo inakwama na sura zinaanza kufifia, na hakuna maelezo yanayohitajika. Hatari yake ni misheni 300 za kando. Ukizifanya zote mapema Zack anakuwa na nguvu kupita kiasi, maadui wa hadithi wanaanguka kwa mapigo mawili na uchungu wote unapotea. Fanya chache kila sura. Nyingine ziache kwa mzunguko wa pili.

Uncharted: The Lost Legacy ya 2017 inahitaji sentensi chache tu: shujaa wake, Chloe Frazer, anachora alama kwa kalamu kwenye ramani yake mwenyewe, na eneo la Western Ghats, milima ya India, linakuachia uchague pa kuanzia. Tafuta vipande vyote 11 vya Hoysala, vitu vya kale vilivyofichwa, kabla ya kuondoka eneo hilo, kwani bangili utakayopata inakujulisha hazina zikiwa karibu.

Mambo huharibika pia. Kingdom Hearts 358/2 Days ya Nintendo DS, mwaka 2009, ilimfuata kijana Roxas siku baada ya siku: kazi, kisha aiskrimu juu ya mnara wa saa pamoja na marafiki zake Axel na Xion, kesho kazi tena. Uchovu ule wa kurudia ulikuwa ndiyo maisha yake. Mkusanyiko wa HD 1.5 ReMIX wa mwaka 2013 ukaigeuza kuwa video za kutazama. Hadithi imebaki, mikono imeondolewa, na Roxas aliyebaki ni nusu. Tatizo jingine la mfululizo huo lilikuwa kuzifanya gemu za pembeni kuwa za lazima, zikiwa zimetawanyika kwenye mashine tofauti, hadi aliyecheza gemu kuu zenye namba pekee akapotea njia.

Kwa wanaocheza kwenye vyumba vya gemu vya kulipia kwa saa, Left Behind ndiyo inayofaa, kwa kuwa inaisha kwa kikao kimoja. Kwa ndefu zaidi, mwombe mwenye chumba akufungulie akaunti yako kwenye mashine, la sivyo mwingine ataanza upya juu ya kumbukumbu zako. Usikubali pia azime mashine wakati alama ya kuhifadhi inazunguka kwenye skrini, faili likiharibika halirudi. Na ukinunua diski ya ODST ya Xbox 360 iliyotumika, hakikisha ziko mbili ndani ya kasha: ya hadithi ni moja, nyingine ni ya kucheza na wenzako, na ukiuziwa hiyo ya pili peke yake Sadie hayumo.