Black Ops II, Savimbi, na njia ya treni yenye haiko

Kwanza nieleze gisi tulikuwa tunacheza, juu mutu mwenye iko na gemu yake ku nyumba hawezi kuelewa. Mu 2013, kule Katuba, komini moja ya Lubumbashi, kulikuwa sale moja ya gemu, kanyumba ka mabati, televizyo ine, PS3 ine, manete zenye mupira ya kidole ilisha kutoka zamani, unasukuma paka plastiki mupaka kidole inaota gamba. Batu bote balikuwa banalipia futibolo, mechi moja franka mia mbili, na ukiweka gemu ya vita bakubwa banakukamata shati, juu ile istwari ya gemu inachezwa na mutu mumoja na bengine banabakia kuangalia bilashi. Njo maana Call of Duty: Black Ops II tulikuwa tunaicheza paka usiku, kisha mwenye sale kufunga mulango, wakati grupe, ile mashini ya kutoa moto ya umeme, ingali na mafuta kidogo.

Misioni ya kwanza ni Angola, mwaka 1986. Eh bwana. Inaanza na mutu mwenye anaungua ndani ya gari, moto inamukula, analia, na gemu inakuacha pale unamuangalia mupaka unasikia haya. Kisha Jonas Savimbi, mukubwa ya baasi ya UNITA, bere ku kichwa, iko juu ya ile gari banaita Buffel, anachochea basoda yake, na bote banatelemuka mulima mbio na panga kuenda kukutana na MPLA, basoda ya guvernema. Siku ile sale yote ilipiga makelele kama vile Mazembe imeingiza goli. Hatukumujua Savimbi, tusidanganyane, mi nilikuwa na miaka kumi na tano, lakini tulikuwa tumezoea kuuwa batu ku Afganistani na kukimbizana na Barusi, na sasa tunaona udongo mwekundu na batu benye sura kama yetu, na banakuwa upande yetu, na ni Angola, jirani pale tu.

Papa ya mwenye sale alifanya kazi ku njia ya treni miaka mingi, alikuwa anaikala pa mulango na kiti yake na radio yake, hakuna siku aliangalia televizyo zetu. Siku ile akageuka.

«Bana, munamupigia nani makelele?»

«Savimbi, Papa.»

Akanyamaza. Akavuta kiti ndani, akaikala nyuma yangu kabisa, nikasikia harufu ya tumbaku yake. «Simamisha ile kintu.» Nikaweka pozi. Savimbi akabakia mukono juu, kinywa wazi, muzee anamuangalia tu, na bale bengine wanaanza kununa juu grupe ilikuwa inakula mafuta yetu.

Akatuambia mbele ya 1975 treni ya shaba ilikuwa inatoka huku, inafika Dilolo, inavuka kuingia Angola mupaka bandari ya Lobito. Ile njo ilikuwa barabara ya fupi ya kufika ku bahari. Vita ikaanza kule, UNITA upande moja MPLA upande ingine, njia ikafungwa, na shaba ikabakia kuzunguka: ingine inapanda Ilebo, inawekwa mu mashuwa, ingine inashuka na Zambia mupaka ku bandari za Afrika ya Kusini, wiki na wiki mu njia. Kisha akasema kintu yenye sisi hatukusoma ku masomo, ati mu ile miaka ya gemu yetu silaha zenye Marekani ilikuwa inamupa Savimbi zilipitia ku uwanja ya ndege ya Kamina. Kamina! Si ni hapa hapa, wakati ile banaita Shaba. Akanyoosha kidole ku ile Buffel: «Na hii gari ni ya basoda ya Afrika ya Kusini, bale ya apartheid. Muko munapiga mikono na hamujui munapigia nini.» Mwenzetu mumoja akauliza kama sasa Savimbi alikuwa mubaya ao muzuri, muzee akasema mi nilikuwa nangoja treni.

Sasa, kwa nini ninakumbuka haya yote. Juzi nilikuwa na siku mbili bila kazi na megabaiti za kutosha, nikaanza kusoma gisi bajurnalisti ya gemu baliipokea wakati ilitoka, tarehe 13 Novemba 2012. Dola milioni 500 mu saa 24 ya kwanza, usicheze. Ku Metacritic, ile saiti yenye inakusanya noti za gemu, toleo ya PS3 iko na 83 juu ya 100, bachezaji benyewe balikuwa bakali zaidi, noti yao iko chini sana kupita ile. Kenye kilibafurahisha bajurnalisti ni senario, yenye David S. Goyer alisaidia kuandika, juu kwa mara ya kwanza Call of Duty inakuacha uchague: huyu umuuwe ao umuache, na ule mwisho unaona unategemea yenye ulifanya. Ni kweli, hapo Treyarch, bale benye balitengeneza gemu, balifanya kazi. Mu sale tulibishana wiki mbili juu kila mutu alimaliza na mwisho yake, mumoja anamuita mwenzake mwongo.

Kenye balichukia ni Strike Force, zile misioni zenye unaongoza kikundi kutoka juu. Na mi ninachukia pamoja nao! Unamuambia musoda alinde pale, anaenda kusimama pa ukuta kama mutu anangoja taksi, banamupiga, unabakia kufanya kazi yote weye peke yako. Hapa noti ingeshuka zaidi, lakini sawa.

(Kamoja tu: sehemu ingine ya gemu iko mu mwaka 2025, Marekani na Uchina banavutana juu ya madini. 2012 balikuwa banaiita hadisi ya mbele. Sisi huku tunaona malori ya kobalti inapita kila siku kutokea Kolwezi, hatukushangaa.)

Lakini Angola? Mu zile nilisoma, Angola ni kale kamulango ka kuingilia: mwanzo ya nguvu, moto, damu, endelea. Mutu anapima gisi bunduki inarudi mu bega, mwangaza, sauti, na vita yenyewe anaipita kama kibao pa barabara. Ilibidi kungoja mupaka tribinali. Mu 2014 Manuel Noriega, yule jenerali ya Panama, alishitaki kampani ya gemu kule Marekani juu ya sura yake mu gemu, bakamukatalia mwaka ule ule. Kisha Januari 2016 batoto batatu ya Savimbi bakaenda Ufaransa, ku tribinali ya Nanterre, bakaomba euro milioni moja, ati gemu inamuonyesha papa yao kama mushenzi mwenye anapenda tu kuuwa. Avoka ya kampani akajibu ati hapana, mu gemu ni mutu muzuri, anasaidia mashujaa. Tribinali haikubapa kitu.

Mi ninaona pande zote mbili balikuwa banabishana juu ya sura tu. Ile Savimbi ya gemu ni ya kutisha na ni rafiki yetu, yote mbili ndani ya dakika kumi, na misioni inachezwa muzuri sana, sitadanganya. Ningeipa 83 yao, labda hata zaidi. Kenye kinanikwaza ni ile swali muzee aliuliza mbele ya kurudisha kiti yake pa mulango: «Na njia ya treni, baliiweka wapi?»

Nikatoa pozi. Nikaacha vita, Savimbi na batu yake bakabakia kupigana kule nyuma, mi nikakimbia na majani mupaka pembeni ya ramani kutafuta mataruma. Gemu ikaandika nirudi. Sikurudi, nikaendelea mbele, ikaniuwa, ikanirudisha palepale pa mwanzo, ku Savimbi mukono juu. Nikajaribu upande ingine. Mara ya tatu grupe ikazimika.